Karai limeshika moto, watu wote mbio. Niwafundisheje?

Mkwezi_Jambiani:
Asalam aleikum. Nasimamia jiko la hoteli ndogo huku Jambiani, paa la makuti. Ijumaa karai la mafuta lilishika moto, kijana mmoja akachota kata ya maji akamwagia. Wallahi miali iliruka mpaka karibu na boriti! Wenzake wakatoka mbio, mmoja akarudi ndani kufuata simu yake. Mtungi wa kuzimia moto tunao, ila ulikuwa nyuma ya makreti ya soda. Mpishi mkuu ndiye aliyefunika karai kwa sinia, ukazimika. Sasa bosi anataka nibandike karatasi ya maelekezo ukutani, basi. Mie naona haitoshi, na kila masika ikipita nusu ya watu huwa wapya.

Zimamoto_Mstaafu:
Sinia la mpishi ndilo somo lenyewe. Maji huzama chini ya mafuta, yakageuka mvuke ghafla, mafuta yakaruka. Zima jiko, funika, usilibebe karai, wala usilifunue mpaka lipoe. Fanyeni kwa vitendo na karai la baridi, kila mtu kwa zamu, hata mfagiaji. Akija mpya, siku yake ya kwanza aanze na hilo kabla hajapewa aproni. Mtungi utundikwe karibu na mlango, si juu ya jiko. Makuti yakishashika, tokeni, msijitie ushujaa. Mtungi wenu wa aina gani?

Nesi_Wete:
Hakuna aliyeungua? Nauliza kwa sababu huletewa watu wamepakwa dawa ya meno mkono mzima. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, na pete ivuliwe mapema kabla ya kuvimba.

Yakhe_Forodhani:
Nani anahesabu watu nje? Sisi Mji Mkongwe tuna wa kuhesabu, na mwengine wa kwenda barabarani kulipokea gari la zimamoto, maana vichochoro vyetu unavijua. Zoezi la kwanza hatukumwambia mtu. Mlango wa nyuma tukaukuta na kufuli, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi kalala.

Mkwezi_Jambiani:
😂 Yakhe, wetu huutia kufuli vilevile, saa nne usiku.
Mzee wa zimamoto, nimeshuka kuutazama. Ni wa unga, na mshale wa presha umelala kwenye nyekundu, yaani hauko tayari kwa kazi. Asubuhi nampelekea bosi mezani kwake, autie mkononi mwenyewe.