Siku ya tangazo la riba: kuuza kabla, kukaa, au kununua kesho yake?

Mpanda_Mbegu: Wakuu, nina hisa za Marekani kupitia dalali wa mtandaoni, na chache za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam. Kila Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, wakikaribia kutangaza riba, usingizi unanipaa. Naona njia tatu: kuuza siku moja kabla, kukaa nazo, au kushika fedha mkononi ninunue kesho yake. Nyie mnafanya ipi?

Shangazi_Hisa: Mdogo wangu, kuuza kabla niliacha. Tangazo hutoka saa nane mchana Washington. Desemba huku ni saa nne usiku. Tarehe 18 Desemba 2024 nilikesha. Riba ikapunguzwa robo asilimia, kama ilivyotarajiwa. Ila makadirio mapya ya 2025 yalikuwa na mapunguzo mawili, wakati ya Septemba yalikuwa na manne. Saa nne na nusu Powell, mwenyekiti wa Federal Reserve wakati huo, akaanza kujibu waandishi, simu yangu ikawa nyekundu tupu. S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilifunga imeshuka karibu asilimia 3, na VIX, kile kipimo cha hofu, ikaruka asilimia 74. Yaani riba imeshuka na hisa zimeanguka! Ungekisia riba sawasawa na bado ungepoteza fedha. Mimi hukaa nazo.

Kobe_wa_Pwani: Shangazi, nakubali, lakini fedha ya ada ya Januari isiwe sokoni siku hiyo. Hiyo iuze mapema, wala usijute bei ikipanda. Nyingine ukiuza na kurudi unalipa kamisheni mara mbili, na dakika zile pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hutanuka. Hata ukiweka amri ya kuuza bei ikigusa kiwango fulani, unaweza kuuziwa chini yake.

Mpanda_Mbegu: Na kusubiri kesho yake?

Kobe_wa_Pwani: Inasaidia, ila usiitegemee. Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba hadi asilimia 0.25 tarehe 31 Julai 2024. Nikkei, kipimo cha hisa za Japani, ilianguka asilimia 12.4 Jumatatu ya tarehe 5 Agosti, baada ya takwimu mbaya za ajira Marekani kuongeza hofu. Keshoye ikapanda zaidi ya asilimia 10. Aliyenunua Alhamisi, kesho yake ya tangazo, alipigwa vibaya.

Mzee_wa_Kaunta: Kwa DSE, kijana, usibebe mawazo ya New York. BoT, Benki Kuu ya Tanzania, walianza na riba ya asilimia 5.5 Januari 2024, Aprili ikawa 6. Kaunta nyingi zetu, yaani hisa za kampuni mbalimbali, wanunuzi ni wachache, kwa hiyo shida yako itakuwa kumpata wa kumuuzia. Tazama hatifungani, ile unayoikopesha serikali ikulipe riba. Kwa jirani zetu Kenya riba ya benki kuu ilifika asilimia 13 Februari 2024, na mwezi huo huo hatifungani ya miundombinu ikatoa zaidi ya asilimia 18 bila kodi. Hapo hisa itashindana vipi?

Mpanda_Mbegu: Hisa za fedha ya ada naziuza leo. Za Marekani nakaa nazo, na manunuzi nitayagawa mara tatu kwa wiki sita. Za DSE sizigusi.