Nani aliwahi kukuhudumia kwa upole ukiwa huna hali? Tupeane uzoefu

Binti wa Kigango
Wakuu, jana kanisani limesomwa lile somo la 1 Wakorintho 13, "upendo huvumilia, hufadhili". Nimelisikia kwenye ndoa za watu mpaka nimelizoea kama tangazo. Jana likanirudisha wodini, mwaka 2016. Mama amelazwa, kucha za miguu zimerefuka mpaka zinakwama kwenye shuka, na mimi kwa uchovu hata sijaziona. Akaja mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili. Akaomba beseni, akaloweka miguu ya mama yangu, akakata kucha moja moja huku anamuuliza habari za wajukuu. Hakuhubiri. Muda ukaisha, mlinzi akamtoa kama wengine. Mama alifariki wiki ileile. Rambirambi nani alitoa ngapi sikumbuki, ila yule mama na beseni lake...
Haya, tiririkeni.

Mzee wa Mtaa
Kwangu mimi, ni mzee wa kanisa mwenzangu. Alikuja na kilo ya sukari, akakaa kimya saa nzima, akaondoka. Ilitosha.

chuma_chakavu
Msitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwetu ukifiwa, cha kwanza kuulizwa ni kitabu cha michango ya jumuiya. Baba mdogo alikuwa hahudhurii, basi padre hakufika, katekista akazika mbiombio. Upole gani huo?

Mlokole wa Mbezi
Ndiyo maana wengine tulihama.

chuma_chakavu
Mkahamia wanakoomba sadaka ya mbegu mgonjwa akiwa na dripu mkononi. Tusifike huko.

Kihamba Kimoja
Huwa nasoma tu humu, leo naandika. Baba alipigwa na kiharusi 2019, upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakaenda. Mimi ndiye kitindamimba, nyumba ya wazee ni yangu kwa mila yetu Wachaga, kwa hiyo na mzigo ni wangu. Mke yuko Dar kikazi. Jamani, kumvua nguo baba yako mzazi! Mara ya kwanza nilishindwa, nikaenda kukaa kwenye migomba. Baadaye nikawa namsafisha usiku, taa imezimwa, tusitazamane. Wiki ya tatu nikasikia harufu. Kumgeuza, kidonda mgongoni chini kabisa, upana wa kikombe cha kahawa. Siku zote alikuwa analia, nikadhani ndio ugonjwa wenyewe.

Sasa, jirani yetu wa chini ya mfereji ni mjane, tuna kesi naye ya mpaka tangu 2015. Sisi tunasema aling'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yeye anasema aliyeng'oa ni baba. Hatusalimiani. Kanisani yeye kulia, sisi kushoto. Saa kumi na mbili asubuhi hodi, ni yeye, na chupa ya mtori. Nikamwambia, mama, sisi na wewe si tuko barazani? Akasema, "Najua. Maji ya moto yako wapi?"

Alimfunika baba shuka, akaosha mkono, akaufunika, akaenda mguuni. Baba hakukaa uchi hata dakika moja. Kumbe inawezekana! Na kila kitu anamwambia kwanza: "Mangi, sasa nakugeuza." Akanifundisha kukausha kwa kugusagusa bila kusugua, kumgeuza kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti. Mumewe alilala kitandani miaka minne, alijifunzia huko. Alikuja miezi mitano, mvua kwa jua, na zahanati tukawa tunabadilisha dawa mpaka kidonda kikafunga. Siku moja baba alimshika kwa ule mkono mzima, hakumwachia mpaka akasinzia.

dogo_wa_posta
Nalia kwenye daladala, konda ananiuliza nimeibiwa nini.

Nesi Mstaafu
Wenye wagonjwa wa kulala: kidonda hakianzi na harufu. Kwa ngozi zetu angalia sehemu iliyozidi weusi au iliyo na joto kuliko pembeni yake. Hapo usikande.

Mlokole wa Mbezi
Bibi yetu tulimpaka spiriti na kumkalisha kwenye mpira wa kuogelea. Akapona.

Nesi Mstaafu
Spiriti inakausha ngozi, na huo mpira unabana damu pembeni. Alipona kwa neema tu.

Mlokole wa Mbezi
Si ndicho ninachosema?

chuma_chakavu
Nakubali, story nzito. Ila huyo mama ana nafasi. Sisi wa mjini tunatuma muamala. Hata Msamaria Mwema alitoa dinari mbili akaendelea na safari yake.

Mzee wa Mtaa
Soma Luka 10 vizuri, kijana. Dinari alizitoa siku ya pili. Siku ile alimfunga majeraha, akampandisha mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni na akamtunza. Tena dinari ilikuwa ujira wa kutwa, si hiyo buku mbili yako ya kutolea.

Bi Mwanahamisi wa Tanga
Mimi Muislamu, niruhusuni. Nilijifungua kwa operesheni mwezi wa Ramadhani, mume safarini. Jirani yangu Mkristo, mama wa Kipare, alikuwa anaamka saa tisa usiku kuwapikia wanangu daku. Uji wake ulikuwa na mabonge, lakini tulikunywa.

dogo_wa_posta
Kihamba Kimoja, usitukimbie. Mpaka uliishaje?

Binti wa Kigango
Na mimi nasubiri. Uzi wangu umeshakuwa wa shamba.

Kihamba Kimoja
Baba alifariki 2020. Baada ya matanga nikamchukulia yule mama jani la sale, kwetu ndiyo ishara ya kuomba msamaha. Akalipokea kwa mikono miwili, akalia. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, ila mpaka ni pale kwenye mti wa mringaringa." Kesi ipo, tarehe 14 tuko Baraza la Ardhi. Huwa tunakwenda na gari moja.

chuma_chakavu
Nauli analipa nani?

Kihamba Kimoja
Tunapokezana. Safari hii zamu yangu.