MREJESHO: Krosifidi kwenye hedifoni imekubali

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini rekodi za stereo za miaka ya 1960 zinachosha kwenye hedifoni: mwimbaji kabanwa sikio la kulia, ngoma zote kushoto.

Mliosema krosifidi (kuvusha kidogo sauti ya kila upande kwenda upande wa pili) mlipatia. Kwenye spika kila sikio husikia pande zote mbili. Hedifoni hukata mawasiliano hayo. Krosifidi huchukua sauti nzito za upande mmoja, huzichelewesha chini ya milisekunde moja, kisha huzipeleka upande wa pili zikiwa zimepunguzwa.

Kwenye Linux nimetumia EasyEffects, programu ya kurekebisha sauti, ambayo krosifidi yake inatumia maktaba ya bs2b. Mpangilio wake wa mwanzo ni Hz 700 (mpaka wa sauti nzito zinazovushwa) na desibeli 4.5. Hapa ndipo wengi hukosea: ukiongeza desibeli, athari inapungua, haizidi! Hiyo namba ni tofauti ya ukubwa kati ya sauti ya upande wenyewe na ile iliyovushwa. Mpangilio ulio tayari uitwao Jmeier, Hz 650 na desibeli 9.5, ni mpole kabisa na ndio ninaoupenda kwa kusikiliza saa nyingi.

Besi ikianza kukwaruza, shusha sauti ya kuingilia kwa desibeli 3 hivi, maana besi za pande mbili zinajumlishana. Na unapolinganisha krosifidi ikiwa imewashwa na imezimwa, sawazisha sauti kwanza; yenye kelele zaidi huonekana bora hata kama siyo.

Sarandi (sauti ya kuigiza spika nyingi zinazokuzunguka) ibaki kwa filamu za 5.1 tu, na kichezeshi kitoe chaneli zote sita. Kwenye muziki wa stereo inaleta mwangwi wa bafuni. Usiwashe krosifidi na sarandi pamoja, na rekodi za bainorali (zilizorekodiwa kwa maikrofoni mbili kama masikio ya mtu, maalumu kwa hedifoni) ziache zilivyo.

Asanteni sana.