Tupeane uzoefu: mmetengana, talaka hamna, nani analisha nyumba?

Mama Nuru, Morogoro

Wapendwa, habari za leo. Jana jioni jirani yangu alinifuata jikoni, akakaa juu ya mbuzi ya nazi, akaanza kulia. Mumewe kahama tangu mwezi wa pili, simu anapokea akipenda, na yeye ana watoto wawili na mimba ya miezi sita. Nikamwambia nenda mahakamani. Akanijibu, "Dada, mimi talaka sitaki." Nilishtuka, maana maneno hayo hayo ndiyo yaliyonikalisha na njaa mwaka mzima.

Mimi nilitelekezwa 2015. Nilidhani matunzo ni ya mwanamke aliyekwisha achika, kwa hiyo nikawa nahangaika: vitumbua alfajiri, kufulia watu mchana. Aliyenitoa gizani ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Alinisomea Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 115: mahakama inaweza kumwamuru mume amtunze mkewe ndoa ikiwa bado ipo, kama amekataa au amepuuza kumtunza, kama amemtelekeza, na hata wakati shauri la ndoa bado linasikilizwa. Kupitia kwanza baraza la usuluhishi ni sharti la anayeomba talaka. Mimi niliomba matunzo peke yake, mahakama ya mwanzo.

Kilichonisaidia ni daftari. Tangu alipoondoka nilikuwa naandika kila kitu: unga, mkaa, dagaa, kodi ya chumba, dawa ya mtoto. Jalada lilikuwa limeingia mafuta ya kupikia, nikaona aibu kulitoa mbele za watu. Hakimu alilifungua akasoma mstari kwa mstari. Akamgeukia mume wangu: "Sabuni ya mche, mmoja kwa mwezi, nyumba ya watu wanne. Hiki nacho unakataa?" Mwenzangu akainamisha kichwa. Aliamriwa shilingi 150,000 kila mwezi. Miezi miwili akalipa, wa tatu akakaa kimya. Nikarudi mahakamani kukazia amri, yaani alazimishwe kulipa, ikaanza kukatwa kwenye mshahara wake. Kwa hiyo ndugu zangu, amri ikitoka usilale.

Nawaombeni mliopitia mseme, nitamsomea huyu jirani.

Kaka wa Buzuruga

Mama Nuru, ahsante. Na sisi wanaume tusikilizwe kidogo. Nilikuwa dereva wa lori, nikapata ajali 2018, miguu yote haina kazi. Mke wangu alihamia kwao na watoto, duka likabaki mikononi mwake. Nilikaa miezi saba nalishwa na mama yangu mzee anayeuza mchicha. Sikujua kwamba kifungu hicho hicho cha 115 kinaruhusu mke aamriwe kumtunza mume ambaye ugonjwa au ulemavu umemzuia kujitafutia riziki. Siku ya kwanza kusema "naomba matunzo kwa mke wangu" mbele ya hakimu na wazee wa baraza wa mahakama, jasho lilinitoka kama niko juani. Sikupewa nyingi, 80,000. Mama akapumzika kubeba beseni.

Anna wa Makambako

Mimi niliondoka mwenyewe. Nilipigwa nikavunjwa mkono, nikachukua mtoto nikaenda kwa kaka. Ukoo mzima ukaniambia aliyeondoka ndiye aliyekosa, hana haki ya kudai hata senti. Nilienda hivyo hivyo, na PF3 yangu (ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa) na karatasi za hospitali. Wakati wa kupanga kiasi, mahakama inaangalia kipato na mahitaji ya kila mmoja, mila za jamii yao, na pia nani alisababisha ndoa ivunjike. Mume alisema nimeitoroka nyumba. Hakimu akaomba PF3, akaisoma, akamwuliza mkono ulivunjikaje. Basi. Dada zangu mnaopigwa, msitupe karatasi hata moja.

Mzee Kazi Imeisha

Naandika kama mtu niliyekuwa upande wa kulipa. Niliamriwa 200,000 nikiwa kazini. Kiwanda kikapunguza watu, nami nikaacha tu kutuma, nikidhani kila mtu ataelewa. Deni likapanda hadi nikaletewa wito. Kumbe kifungu cha 121 kinaruhusu amri ibadilishwe hali ikibadilika kweli, ila lazima uende mwenyewe ukaombe, na barua ya kuachishwa kazi mkononi. Ningeenda mwezi ule ule ningepunguziwa. Mke wangu naye ningemwambia ukweli badala ya kuzima simu. Lile la simu linaniuma kuliko deni.

Bint Makunduchi

Huku kwetu Zanzibar ile sheria ya 1971 haitumiki, sisi Waislamu tunakwenda kwa kadhi. Mimi nilipewa talaka moja rejea (ile ambayo mume bado anaweza kukurudia ndani ya eda), siku ile ile nikaambiwa nifunge vitu nirudi kwetu. Bibi yangu akakataa kunipokea! Akasema, "Mjukuu wangu, umo ndani ya eda, nyumba ni yako na nafaka ni yako." Nilimwona ana roho ngumu. Kadhi naye alisema yale yale: mwenye talaka rejea anakaa nyumbani kwa mume na analishwa mpaka eda imalizike, na mwenye mimba mpaka ajifungue. Nilirudi, nikakaa tohara zangu tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi wa hedhi, mchele na samaki vikaletwa. Hatukurudiana, lakini nilitoka na heshima yangu.

Mama Nuru, Morogoro

Nimemsomea zote. Ya Anna ilimfanya anyamaze muda mrefu, kisha akanionyesha kovu ambalo sikulijua. Kesho saa mbili tunakwenda pamoja: cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na daftari jipya ambalo tumeanza kulijaza usiku huu kwa anayoyakumbuka.

Limebaki moja. Leo ndipo amenieleza kwamba mume hayuko Dar kama tulivyodhani, yuko Muscat anafanya kazi ya udereva tangu Machi. Kuna mtu hapa aliyefungua shauri mume akiwa Uarabuni? Samansi, yaani wito wa mahakama, ilimfikiaje?