Nimeusoma mswada wangu mara sita: je, bado nahitaji mhariri kabla ya kujichapishia?

Mtunzi wa Riwaya

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimemaliza kuandika riwaya yenye maneno yapatayo 84,000, kazi iliyonichukua miaka minne, na nimeamua kuichapisha mwenyewe, kwa nakala za karatasi zitakazochapwa kadiri zinavyoagizwa na pia kama kitabu cha kielektroniki. Mswada wote nimeusoma mara sita, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Programu ya kukagua tahajia nimeipitisha katika kila sura, na rafiki zangu wawili waliousoma wameniambia kwamba hawakuona kosa la maana.

Kinachonitatiza ni hiki. Jalada limekwisha kuwa tayari, nimejiwekea lengo la kutoa kitabu kabla ya mwezi ujao kwisha, na akiba niliyobaki nayo haitoshi kumlipa mhariri bila kuahirisha kila kitu. Wapo wanaonishauri nikitoe tu, kwa kuwa faili la kitabu linaweza kubadilishwa wakati wowote makosa yakionekana. Wengine wanasema nisithubutu. Naomba mawazo ya waliokwisha kuipita njia hii: je, mwandishi makini anaweza kujihariri mwenyewe akafikia kiwango kinachofaa? Na ikiwa ni lazima nilipie, ni kazi gani hasa nitakayokuwa ninalipia?

Kalamu Nyekundu

Ndugu mtunzi, hongera kwa kuufikisha mswada mwisho, maana wengi huishia njiani. Nimefanya kazi ya uhariri kwa muda mrefu, na ninalotaka ulifahamu kwanza ni kwamba usomaji wako wa mara sita haukupotea bure, ila hauwezi kushika nafasi ya jicho jingine. Wewe unajua ulichokusudia kusema. Macho yanapopita juu ya sentensi, kumbukumbu yako hulijaza neno lililokosekana kabla hujatambua kwamba halipo, na kadiri unavyousoma mswada uleule ndivyo kumbukumbu hiyo inavyozidi kukufunika. Mhariri hajui ulichokusudia. Anachokiona ni kile kilichoandikwa tu. Rafiki zako nao wana upungufu huohuo kwa kiasi fulani, kwa sababu wanaposoma huisikia sauti yako na kukusamehe.

Kuhusu unacholipia, uhariri si kazi moja, na wengi hupoteza fedha kwa kutolijua hilo. Kuna uhariri wa maudhui na muundo, ambapo mhariri hutazama kama hadithi inasimama: sura gani inachelewesha mambo, mhusika gani anatoweka bila sababu, siri gani imefichuliwa mapema mno. Kuna uhariri wa lugha, unaoshughulikia sentensi, upatanisho wa kisarufi, tahajia, uakifishaji na ulinganifu wa majina na tarehe. Halafu kuna usomaji prufu, yaani ukaguzi wa mwisho wa makosa yaliyobaki, ambao hufanywa baada ya kurasa kusanifiwa na si kabla. Mpangilio huo ndio unaookoa fedha, kwa sababu hakuna faida ya kumlipa mtu anyooshe vituo vya sura ambayo baadaye itaondolewa yote.

Nitoe mfano mmoja. Niliwahi kupokea mswada ambamo mhusika mkuu anatoroka usiku mwezi ukiwa umeandama jioni ileile, na giza ndilo linalomwokoa. Siku nne baadaye, maadui zake wanamtambua kwa mbali kutokana na mwanga wa mwezi mpevu. Kutoka kuandama hadi kupevuka mwezi huchukua takribani majuma mawili. Sentensi zote mbili zilikuwa nzuri, zimeandikwa kwa ustadi, na mwandishi alikuwa amezisoma mara nyingi sana. Lakini zilitengana kwa kurasa arobaini, na yeye alizipenda moja moja. Tuliketi tukachora kalenda ya hadithi siku kwa siku kwenye karatasi, na hapo tukagundua pia kwamba mimba ya mhusika mwingine ilikuwa imedumu miezi kumi na mitatu. Ililazimu sura mbili zihamishwe. Hakuna programu ya tahajia ambayo ingeona lolote katika hayo, kwa kuwa kila neno lilikuwa sahihi.

Mwandishi wa Vitabu Viwili

Naunga mkono aliyonitangulia kuyasema, nami nitasema kutoka upande wa aliyeumia.

Kitabu changu cha kwanza nilikitoa kama unavyotaka kufanya wewe: nilikisoma mwenyewe, nikakipitisha kwenye programu, nikakipeleka kiwandani. Mwezi mmoja baadaye msomaji nisiyemfahamu aliniandikia ujumbe wa heshima kabisa, akaniorodheshea kurasa moja baada ya nyingine. Ukurasa wa 38 ulisema kwamba wazee walikusanyika “mahari palepale” walipozoea kukutana. Ukurasa wa 61 ulisema kwamba kijana alichukua “karamu” akaandika barua. Maneno hayo yote mawili yamo katika kamusi, na ndiyo sababu programu haikuyawekea alama. Mazoea yangu ya matamshi yalikuwa yameingia kwenye maandishi, na kwa kuwa hata ninaposoma kimya huyasikia maneno kwa matamshi yangu mwenyewe, ningeweza kukisoma kitabu kile mara ishirini nisiyaone. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ukurasa wa 61 ulikuwa ndio ukurasa wa mauti ya mama wa yule kijana. Msomaji aliniambia kwamba alikuwa akilia, kisha akalifikia neno hilo akasimama.

Kuhusu hoja kwamba faili hubadilishwa, ni kweli, lakini nusu tu. Nakala zilizokwisha kununuliwa hazirudi, na maoni yaliyoandikwa na wasomaji wa mwanzo hubaki palepale hata baada ya wewe kusahihisha. Isitoshe, utakuwa na mafaili mawili, la karatasi na la kielektroniki, na kila kosa unalorekebisha kwenye moja sharti ulirekebishe kwenye jingine. Mimi nilisahau mara kadhaa, nikawa na matoleo mawili yasiyolingana. Tena uangalie suala la ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Ukisahihisha makosa ya chapa tu, namba yako ya tarakimu 13 hubaki ileile, lakini ukibadilisha maandishi kwa kiasi kikubwa, kwa mfano ukiandika upya sura, hilo huhesabiwa kuwa toleo jipya linalohitaji namba mpya.

Kwa kitabu cha pili nilimlipa mhariri, na hapo nikajifunza somo jingine. Mswada ulinirudia baada ya siku nne. Makosa ya wazi yalikuwa yamebaki, lakini mazungumzo ya mzee mmoja, ambaye nilimfanya aseme kwa lahaja yake kwa makusudi, yalikuwa yamesanifishwa yote, na sauti yake ikawa sawa na ya karani. Siku hizi hupiga hesabu kabla ya kukubaliana na mtu. Wahariri wengi huhesabu ukurasa mmoja kuwa maneno 250, kwa hiyo mswada wako ni kurasa 336. Akienda kurasa nane kwa saa, hiyo ni saa 42 kwa pitio moja tu. Anayekuahidi kwamba ataumaliza katika siku mbili hatausoma. Mwombe kwanza akuharirie kurasa chache za majaribio, na usimpe sura ya kwanza, kwa sababu hiyo umeisugua kuliko zote. Mpe kurasa kutoka katikati, mahali ulipokuwa umechoka. Mweleze pia kwa maandishi mambo ambayo hutaki yaguswe. Kila badiliko alifanye kwa namna inayoonekana katika faili, ili ukubali au ukatae mwenyewe.

Msomaji wa Usiku

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba kutofautiana nao kidogo, kwa kuwa muuliza swali amesema wazi kwamba akiba yake ni ndogo, na jibu la “lipia kila kitu” halimsaidii mtu wa namna hiyo.

Uhariri wa muundo unaweza kupatikana kwa kubadilishana miswada na waandishi wengine. Tafuta watu watatu wanaosoma riwaya za aina yako na ambao hawana sababu ya kukufurahisha. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize ni ukurasa upi walioweka kitabu chini, ni wapi walilazimika kurudi nyuma ili waelewe, na ni mhusika yupi waliyemchanganya na mwingine. Watatu wakitaja sura moja, sura hiyo ina tatizo, hata kama dawa wanayoipendekeza si sahihi.

Kabla ya hapo, uweke mswada kando kwa majuma kadhaa bila kuufungua. Ukiurudia, usome kwa sauti, ukiwa umeuchapa kwenye karatasi au umebadilisha fonti, ili macho yasiutambue kwa urahisi. Kusoma kwa sauti ni zoezi linalodharauliwa, nami nashindwa kuelewa kwa nini, maana ulimi hukwama palepale ambapo msomaji naye atakwama. Programu inayosoma maandishi kwa sauti ni bora zaidi kwa maneno yaliyorukwa, kwa sababu yenyewe haijazi pengo.

Katika Kiswahili tuna hatari yetu ya pekee, ambayo ni udogo wa kikanushi, yaani silabi ya kukanusha kama “si”. Mwaka 1631 wachapaji wa mfalme huko London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo neno dogo la kukanusha lilikosekana katika amri ya uzinzi, hivyo wasomaji wakaamriwa kuzini. Wachapaji hao walitozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni. Wao waliangusha neno zima. Sisi tunaangusha silabi moja tu. Andika “afike” mahali pa “asifike”, au “wanaojua” mahali pa “wasiojua”, na sentensi inasimama wima kisarufi huku ikisema kinyume cha ulichokusudia.

Fedha ulizo nazo zitumie kwa uhariri wa lugha. Hapo ndipo mwandishi hajitoshi kabisa.

Kalamu Nyekundu

Ndugu Msomaji wa Usiku amesema vyema, nami nakubaliana naye kuhusu kubadilishana miswada. Nina mashaka na jambo moja tu: hakuutaja usomaji prufu, na nisingependa muuliza swali afikiri kwamba mswada ukishatoka kwa mhariri wa lugha umekuwa salama.

Usanifu wa kurasa huzalisha makosa mapya ambayo hayakuwamo kwenye mswada. Programu nyingi za kusanifu kurasa, zisipoelekezwa vinginevyo, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Kwa Kiswahili, silabi huishia kwenye irabu katika maneno mengi, hivyo “nyumba” hukatwa nyu-mba na “kitendo” hukatwa kite-ndo. Lakini programu itakupa nyum-ba na kiten-do, na itafanya hivyo katika kurasa zote 300. Mstari mmoja wa mwisho wa aya unaweza kuachwa peke yake juu ya ukurasa mpya. Namba za kurasa katika yaliyomo huacha kulingana na mahali sura zilipo, kwa sababu mtu aliongeza aya moja dakika za mwisho. Mambo hayo huonekana tu kwenye kurasa zilizokwisha kusanifiwa, na ni vizuri yatazamwe na mtu ambaye hakuhusika na uhariri wa lugha, kwa sababu mhariri aliyeushughulikia mswada kwa majuma sita naye ameanza kuuzoea kama wewe.

Jambo la mwisho kutoka kwangu: tengeneza orodha ya maamuzi. Ni karatasi moja au mbili ambapo unaandika kila ulichokiamua, kama vile jina la kila mhusika na tahajia yake, umri wake, tarehe za matukio, kama utaandika “kwa hiyo” kwa maneno mawili, kama namba zitakuwa kwa tarakimu au kwa maneno. Mpe mhariri pamoja na mswada. Itampunguzia saa nyingi, na saa hizo ndizo unazozilipia.

Mtunzi wa Riwaya

Nawashukuru sana nyote kwa kunipa muda wenu. Baada ya kuyasoma majibu haya nilichukua sura ya saba, nikaichapa kwenye karatasi na kuisoma kwa sauti nikiwa nimefunga mlango. Ina kurasa kumi na nne. Nimehesabu makosa ishirini na matatu, na mojawapo ni la aina ileile aliyoitaja Ndugu Msomaji wa Usiku: mama anaomba adui wa mwanawe “apone”, katika sentensi ambayo kwa muktadha wake ilipaswa kusomeka “asipone”. Sura hiyo ni miongoni mwa zile ambazo rafiki zangu walizisifu.

Kwa hiyo nimeahirisha. Nimepata waandishi wawili wa kubadilishana nao miswada na ninamtafuta wa tatu. Maoni yao yakirudi nitarekebisha muundo, kisha akiba yangu itakwenda kwa uhariri wa lugha, na kwa usomaji prufu nitaweka akiba nyingine polepole hata ikichukua miezi. Kurasa za majaribio nitazitoa sura ya kumi na tisa, kwa kuwa niliiandika nikiwa mgonjwa na nimekuwa nikiipitia haraka kila mara. Leo jioni naanza orodha ya maamuzi, nikianzia na jina la mto unaotajwa katika hadithi nzima, ambalo nimegundua kwamba nimeliandika kwa tahajia tatu tofauti.