Mrejesho: Tumerudi salama kutoka Chicago

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba ushauri kama niende na familia nzima, mama mkwe akiwemo, kumsindikiza kijana wangu kwenye mashindano ya besiboli Chicago bila kukodi gari. Tulikwenda wote.

Aliyesema tupande treni ya Red Line, Mungu ambariki. Watoto chini ya miaka 7 hawalipi wakiwa na mtu mzima, na ukishuka Addison, Wrigley Field iko palepale. Uwanja huo ni wa tangu 1914, na ukuta wake wa nyuma umefunikwa na mmea utambaao. Mpira ukinasa kwenye majani, mchezaji anayelinda nyuma ya uwanja akainua mikono juu, mpigaji hupewa besi mbili, yaani anasogea hadi kituo cha pili kati ya vile anavyopaswa kuvizunguka. Vijana walibishana juu ya hilo hadi hotelini!

Bustani ya wanyama ya Lincoln Park Zoo nayo kiingilio ni bure kweli.

Timu ilifungwa, ila kijana wangu alidaka mpira mrefu akikimbia kinyumenyume, mpaka kocha wa wapinzani akapiga makofi. Mama mkwe alipiga vigelegele, mwamuzi akageuka kutazama. Nilifurahi mno.

Mkienda na watoto wadogo, chukueni hoteli karibu na kituo cha treni. Asanteni sana.