Mrejesho: ukungu kwenye kioo na taa ya tairi, safari ya peke yangu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu kioo cha mbele cha gari kushika ukungu kwa ndani na taa ya onyo la upepo wa tairi kuwaka asubuhi za baridi, msimu huu wa majani kupukutika.

Kilichofaa ni AC na hita kwa pamoja, hewa ikivutwa kutoka nje. AC hukausha hewa. Ukungu ulifutika kuanzia chini, penye matundu. Majani yaliyolowa chini ya wipa yalikuwa yameziba njia ya hewa, nikayatoa kwa mkono.

Kuhusu taa: upepo wa tairi hushuka takriban PSI 1 (kipimo cha mgandamizo wa upepo) joto likipungua nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Nilijaza tairi zikiwa baridi, taa ikazima.

Kufuta ukungu kwa kitambaa hakukufaa: kinaacha michirizi inayong'aa ukimulikwa usiku. Vioo vya nyuma bado vinachelewa kutoka ukungu.